Rehema ana vitabu vitatu vya fizikia na bado anafeli. Tununue cha nne?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi umeme hapa Korogwe. Natandika nyaya kwenye nyumba za watu, na mara nyingi zaidi narekebisha zilizotandikwa vibaya na wenzangu. Binti yangu Rehema yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Anataka kuchukua PCM (fizikia, kemia na hisabati), halafu uhandisi, na siku akifika huko nadhani mimi nitafurahi kumzidi yeye. Kinachotukwamisha ni fizikia.

Kitabu cha shule wanatumia watatu kwa kimoja, na sisi tunakaa mbali, kwa hiyo jioni kinalala kwa mwenzake. Nikaona nimnunulie chake. Muhula uliofuata mwalimu wa tuisheni akasema kile hakina mifano ya kutosha, nikaongeza cha pili. Halafu mjomba wake akatuma cha tatu kutoka Dar, kinene kama tofali, kimechapwa nje ya nchi.

Mwalimu, huyu mtoto anasoma. Nawasikia wazazi wenzangu wakilalamika kwamba watoto wanafungua kitabu na kuficha simu ndani yake. Wangu siyo. Saa nne usiku taa yake inawaka, nikichungulia namkuta ameinama na ile kalamu ya manjano, anapaka mistari. Kurasa nyingine amezipaka zote, hata huwezi kujua lipi ndilo la muhimu. Muulize sheria ya Ohm, ile ya volti na mkondo, atakushushia kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, hata nukta haachi. Lakini mtihani wa nusu muhula alipata 31. Wa kabla yake alipata 34. Vitabu vinapanda, alama zinashuka.

Sasa lililonifanya niandike. Jumapili moja nilikuwa naunga taa sebuleni kwa jirani, Rehema akaja kunishikia ngazi. Nikamuuliza tu kwa mazungumzo: nikiunga balbu mbili mfululizo, halafu moja ikaungua, ya pili itakuwaje? Akaanza na sheria ya Ohm. Nikamwambia, mwanangu, mwache Ohm apumzike, niambie habari ya balbu. Akafikiri kidogo, akasema itang'aa zaidi, kwa sababu umeme uliokuwa unaliwa na ile iliyoungua sasa wote umebaki kwa hii moja.

Nilicheka. Najua sikufanya vizuri, ila nilicheka. Nikamwambia fizikia haimo kwenye vitabu vyako, imo humu, nikamwonyesha bisibisi. Alilia njia nzima hadi nyumbani.

Mama Rehema hajanisamehe. Anasema mimi mwenyewe nilipata F ya fizikia, sasa nataka na mtoto aishie kwenye ngazi kama mimi. Anataka tununue cha nne, ambacho amesikia kinatumika kwenye shule za kulipia, bei yake shilingi 28,000. Mimi nasema kama vitabu vitatu havikumfundisha, cha nne kitamfundisha nini? Hela hiyo si bora iende tuisheni, au nimtoe kwenye vitabu kabisa, awe ananifuata kazini Jumamosi?

Usinifiche Mwalimu. Hivi vitabu vinamsaidia mtu kujua fizikia kweli, au tunapeana moyo tu?

Baba Rehema, Korogwe

*

Marahaba, Baba Rehema.

Cha nne msinunue. Nalitanguliza hilo ili Mama Rehema ahamishie hasira kwangu, wewe upumue. Ila usianze kushangilia, maana kwenye lile la bisibisi umekosea pia, na nitakufikia.

Kwanza turudi sebuleni kwa jirani. Jibu lililokuchekesha ndilo jambo zuri kuliko yote uliyoyaandika kwenye barua hii. Mtoto alifikiri! Alichofanya ni kuuona umeme kama sinia ya pilau: watu wawili wanakula, mmoja akiinuka, aliyebaki anapata zaidi. Kwenye sinia ni kweli tupu. Amelionea wapi hilo? Ameliona tangu ana miaka mitatu. Tatizo ni kwamba balbu za mfululizo hazikuzunguka sinia, zipo kwenye barabara moja yenye madaraja mawili. Daraja moja likisombwa, hakuna gari linalopita hata kwenye lile zima. Mkondo unaopita kwenye balbu ya kwanza ndio huohuo unaopita kwenye ya pili, haupungui njiani, na ukikatwa mahali popote umekatika kote.

Na hata zile ulizounga sambamba kwa jirani, yaani kila moja na njia yake, ambazo wewe unajua kwa mkono kwamba moja ikiungua nyingine inabaki vilevile, nazo zinakataa pilau. Kwa nini isizidi kung'aa? Kwa sababu chanzo hakina fungu maalumu la umeme la kugawa. Kila balbu inapata volti zilezile na inavuta mkondo kadiri ukinzani wake unavyoruhusu. Jirani yake akiungua, yeye hana habari.

Kwa hiyo Rehema ana fizikia mbili kichwani. Moja ni ya Kiingereza, ameikariri, anaitoa akiulizwa inasemaje. Nyingine ni ya sinia, hakufundishwa na mtu, na ndiyo anayoiamini. Vitabu vyote vitatu vimeongeza uzito kwenye ile ya kwanza, na hakuna hata kimoja kilichoigusa ya pili, kwa sababu kitabu hakijui kama ipo. Kitabu hakikuoni uso. Kinasema mkondo ni uleule kila mahali kwenye saketi ya mfululizo, msomaji anapaka manjano, anageuza ukurasa, na sinia yake ya pilau imekaa palepale haijaguswa.

Usidhani ni ugonjwa wa Korogwe. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, amesimulia mara nyingi jinsi alivyowapa wanafunzi wake mtihani mwepesi sana kuhusu kani na mwendo, maswali ya maneno matupu yasiyo na hesabu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: nijibu kwa jinsi ulivyotufundisha, au kwa jinsi ninavyofikiri mwenyewe? Harvard hiyo, ambako vitabu havigombaniwi na watu watatu.

Sasa kalamu ya manjano. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na Rehema akisoma asichukie, kwani mimi mwenyewe nilisoma hivyo hadi chuo. Kusoma tena na tena ukurasa uleule kunaleta utamu wa kuuzoea. Macho yanapita bila kukwama, na moyo unasema "nimeelewa." Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walitangaza majaribio yao. Wanafunzi walisoma kipande cha maandishi, halafu kundi moja likakisoma tena, jingine likafunika na kuandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na wale waliofunika wakakumbuka asilimia 56. Yalikuwa maandishi ya kawaida, hayakuwa fizikia, lakini mtihani wa nusu muhula nao hauji baada ya dakika 5.

Kuna jingine lenye fizikia ndani yake, nalo nalipenda zaidi. Mwaka 1989 Michelene Chi na wenzake, hukohuko Marekani, waliwasikiliza wanafunzi wakijisomea kwa sauti mifano iliyokokotolewa kwenye kitabu cha chuo, sura ya mekanika, yaani kani na mwendo. Kitabu kimoja, mifano ileile. Waliofanya vizuri baadaye ni wale waliokuwa wakisimama kila baada ya mstari na kujieleza: hii kani imetoka wapi, kwa nini amegawanya hapa. Na wao ndio waliokuwa wakisema "hapa sijaelewa" mara nyingi zaidi. Waliofeli walikuwa wakisema wameelewa. Nadhani umeanza kuona kwa nini swali la "vitabu vinasaidia?" halina jibu la ndiyo au hapana. Kitabu kilekile, mifano ileile, mmoja ametoka na kitu na mwenzake ametoka mikono mitupu.

Lugha nayo nisiipite, ingawa kila mtu anaipita. Rehema alisoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza akakuta kitabu kimeandikwa kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi. Huko Kenya, upande wa Busia, lilifanyika jaribio linalostahili kujulikana na kila mzazi wa Afrika Mashariki. Shule za msingi 100 zilichaguliwa, na mwaka 1996 shule 25 kati ya hizo zikapewa vitabu vya kiada bure. Kila mtu alitarajia alama zipande. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipochapisha matokeo mwaka 2009, walisema kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tangu mwanzo walikuwa juu. Sababu moja waliyoitaja ni hii hii: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kilimsaidia aliyekwisha kuweza kukisoma.

Lakini usinielewe vibaya, sisemi Kiswahili chetu kitamtoa. Kiswahili cha mtaani kina mitego yake kwenye fizikia, na wewe fundi unaiishi kila siku. Wateja wako wanasema "leo umeme mdogo." Mdogo nini? Wewe unatoa mita, unapima, unakuta volti 180, unajua walimaanisha volti. Ila mtu huyohuyo akiona waya mwembamba anasema haubebi umeme mwingi, na hapo anamaanisha mkondo. Neno moja, vitu viwili. Na "nguvu" ndiyo balaa zaidi: betri imeisha nguvu, sukuma kwa nguvu, injini ina nguvu. Ya kwanza ni nishati, ya pili ni kani, ya tatu ni nishati kwa kila sekunde. Mtoto anayeingia darasani na "nguvu" moja hawezi kuona kwa nini kitabu kinahangaika na maneno matatu. Mwulize Rehema akutajie tofauti hizo kwa Kiswahili, kwa mifano ya kazini kwako. Akiweza, Kiingereza kitafuata, maana atakuwa anatafsiri kitu anachokijua. Sasa hivi hana cha kutafsiri.

Nifike kwenye bisibisi.

Kwako Korogwe mtu akipanda gari hadi Mombo, halafu akapanda mlima kwenda Lushoto, yuko karibu na Magamba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu kwenye shule ya sekondari ya Magamba, darasa lilelile la Rehema. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanatia kwenye friza. Nafasi zilikuwa chache na kila mtu anawahi. Siku moja mwenzake aliona atachelewa, akamimina maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, asije akakosa trei ya mwisho, akaingiza yake yakiwa ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimwambia kwamba yeye huweka ya moto makusudi, kwa sababu inawahi kuganda. Miaka ikapita, akawa shule ya Mkwawa, Iringa, na walipofika kwenye sheria ya Newton ya kupoa, inayoeleza jinsi kitu cha moto kinavyopoa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likawa na utani wa mwaka mzima. Alipokuja mhadhiri kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wote: ukichukua maji ya kiasi sawa, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100, ukaweka kwenye friji, la nyuzi 100 linaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara, na likitokea ni kwa nini.

Hadithi hii huwa tunaisimulia ili kuwasema walimu wanaong'ang'ania kitabu. Ni sawa, tunastahili. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naandika ubaoni habari ya vitu kutanuka vikipata joto, ile ya tufe la chuma na pete, jua la saa tatu limeshapiga bati juu yetu, na bati likalia ka! Mvulana mmoja akauliza, mwalimu, ndiyo hiyo? Nikamwambia aandike notisi, asitupotezee muda. Ndiyo ilikuwa hiyo. Nimestaafu na bado naisikia.

Lakini tazama upande wa pili wa hadithi, ambao watu hawausimulii. Wale wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua. Walijua kwa mkono, kila siku, kabla ya Mpemba na kabla ya Osborne. Hawakumuuliza mtu, kwa sababu kwao haikuwa ajabu, ilikuwa namna ya kuwahi wateja. Mpemba alikuwa amekaa darasani kiasi cha kujua kwamba haikupaswa kuwa hivyo. Na swali lake lilipata makali pale alipokutana na sheria ya Newton, iliyo kwenye kila kitabu. Mwalimu wake alikuwa na kitabu bila friza, wauzaji walikuwa na friza bila kitabu.

Wewe, Baba Rehema, ni muuza aiskrimu. Nakuheshimu kwa hilo, na nyumba yangu ingekuwa imeungua bila watu kama wewe. Lakini umeona soketi ya pasi iliyokuwa nyeusi, imeyeyuka pale kwenye skrubu, na waya uleule, unaopitisha mkondo uleule, uko baridi shubiri moja tu kutoka hapo. Unajua dawa yake: kaza skrubu. Je, unajua kwa nini pasi inayeyusha na chaja ya simu haiyeyushi, kwenye skrubu hiyohiyo iliyolegea? Kitabu cha Rehema kina jibu. Joto linalozaliwa kwa kila sekunde ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiwa mara mbili, joto mara nne. Ukiwa mara kumi, joto mara mia. Hilo bisibisi haitakuonyesha hata ukae nayo miaka arobaini. Mkalishe Rehema akueleze ukurasa huo, na umsikilize kama fundi anayetaka kujua, usimsikilize kama mtahini.

Basi mfanyeje. Vitabu vitatu vinatosha na vinazidi. Kimoja awe anakisoma, na kile cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kitoshe kwa kazi hiyo. Wakikigombania shuleni, Taasisi ya Elimu wana Maktaba Mtandao ambako vitabu vyao vinasomeka bure hata kwa simu yako. Vingine viwili awe anavikimbilia pale tu cha kwanza kinapomshinda, kwa sababu mara nyingi mwandishi mmoja anaruka hatua ambayo mwingine anaieleza. Na kile tofali cha mjomba atakipendea maswali yake.

Aanzie mwisho wa sura. Najua inasikika kama kuvaa viatu kabla ya soksi, lakini asome maswali kwanza, ajaribu mawili, ashindwe, ndipo arudi kwenye maelezo akiwa na njaa. Akifika kwenye mfano uliokokotolewa, afunike majibu kwa karatasi, ashushe karatasi mstari mmoja mmoja, na kabla ya kushusha aseme mwandishi atafanya nini na kwa nini. Akikosea ndio vizuri, aandike alipokosea. Ile kalamu ya manjano asiitupe, aigeuzie kazi: apake pale asipoelewa tu. Halafu wewe, badala ya kumuuliza "umesoma?", muulize "leo umepaka wapi?" Ukurasa usio na manjano hata kidogo utakutia shaka kuliko ule uliojaa.

Tuisheni siipingi wala siisifu. Kama ni ile ya watoto sitini ukumbini wanakopi notisi, hiyo ni kitabu cha nne kinachotembea. Kama mwalimu anawafanya wabishane na kukokotoa mbele yake, lipa.

Jumamosi aje kazini, ndiyo, lakini si kila Jumamosi na si kwa kuacha vitabu. Na kwa majaribio msitumie umeme wa nyumba. Nenda duka la spea za pikipiki, nunua balbu za volti 12: moja ya indiketa, wati 10, na moja ndogo ya wati 3. Ziwe za waya ndani, hizi za LED zitawachanganya. Tafuta betri ya bodaboda ambayo bado inashika chaji, weka na fyuzi. Haitafika shilingi 28,000, na Mama Rehema akae hapo, maana yeye ndiye atakuwa mwamuzi.

Washeni kila balbu peke yake kwanza. Ile ya wati 10 itang'aa zaidi, hakuna ubishi. Kisha, kabla hamjagusa waya mwingine, Rehema aandike kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika: zikiungwa mfululizo, ipi itang'aa zaidi, na kwa nini. Na wewe uandike lako, kwenye karatasi yako, bila kuchungulia ya kwake. Mkunje karatasi, mmpe Mama Rehema ashike. Ndipo muunge.

Jibu siliandiki hapa, Rehema anaweza kuwa anasoma. Nitumieni karatasi zote mbili, na ukurasa wa kitabu alikopata sababu.